Geji ya matundu madogo dhidi ya dayali geji na geji ya kompresheni: ipi inakuambia kwa nini bushi za valvu zimeisha mapema

Nianze na jibu kabisa kwa asiye na muda wa kusoma yote. Kama gari lako la zamani linatoa moshi wa bluu ukiachia mafuta, hedi ikafunguliwa, ukaambiwa bushi za valvu zimeisha na wakati hiyo hedi ilifanyiwa ovahouli juzi juzi tu, basi kabla hujaagiza bushi mpya tafuta geji ya matundu madogo na maikromita uzipime hizo zilizoisha, maana bushi ikiisha mapema kuna kitu kinaimaliza, na usipokijua hicho kitu bushi mpya nazo zitapita njia hiyo hiyo. Nimetumia geji ya kompresheni, tesita ya kuvuja kwa silinda, dayali geji na hii geji ya matundu madogo kwenye injini moja yenye ugonjwa mmoja, na hii ya mwisho, ambayo ndo ndogo kuliko zote na haina hata namba iliyoandikwa juu yake, ndo imenipa jibu. Naipa nyota tano. Dayali geji naipa nne. Zile mbili za kompresheni ni vifaa vizuri sana ila kwa tatizo hili zinaweza kukupoteza kabisa, nitaeleza.

Injini yenyewe ni A-Series ya BMC, ile ndogo ya silinda nne iliyoanza mwaka 1951 na Austin A30, ikaingia Morris Minor halafu Mini ya 1959. Hedi yake ni ya chuma cha kusubu, valvu nane, roka (vile vimikono vinavyobonyeza valvu) ziko juu zinasukumwa na pushirodi, yaani fimbo zinazotoka chini. Shina la valvu lina unene wa karibu milimita 7.1, na kumbuka hiyo namba kwa sababu inaamua kifaa gani kinaingia kwenye tundu na kipi hakiingii. Ila mambo mengi humu yanakaa vilevile kwenye injini nyingine za enzi zile zenye roka na pushirodi.

Kwa asiyejua, bushi ya valvu ni kale kamrija kaliko ndani ya silinda hedi, shina la valvu linapanda na kushuka humo. Kazi yake ni tatu kwa pamoja: inaongoza valvu ikae katikati ya siti (ule ukingo inapokaa ikifunga), inapokea joto kutoka kwenye shina na kulipeleka kwenye hedi, na inazuia oili ya juu isitiririke chini. Ndo maana ikilegea matatizo yanakuja kwa mafungu. Upande wa inleti (unaoingiza hewa na mafuta) unaona moshi wa bluu hasa unaposhuka mlima na gia bila kukanyaga mafuta, kwa sababu ule mvuto ndani ya manifoldi unakuwa mkali na unafyonza oili kupitia bushi, afu ukikanyaga tena inapiga wingu moja la bluu. Ringi za pistoni zikichoka mara nyingi moshi unakuja zaidi injini ikiwa inavuta mzigo. Na ukiwasha asubuhi baada ya gari kulala, ile pafu ya kwanza ya bluu ni oili iliyoshuka taratibu usiku. Upande wa egzosti bushi ikilegea valvu inakaa kombo kwenye siti, joto halipiti vizuri, mwisho valvu inaungua.

Sasa geji ya kompresheni. Wengi wetu ndo kitu cha kwanza kushika na sio vibaya, ila fikiria inachopima: inapima kama valvu imefunga na ringi zinashika. Valvu inaweza kuwa inacheza hovyo kwenye bushi lakini springi inaivuta mpaka inakaa kwenye siti, basi kompresheni inasoma vizuri silinda zote nne na wewe unaambiwa juu hakuna shida, kumbe oili inashuka kila siku. Mimi ilinisomea sawa kabisa silinda zote. Tesita ya kuvuja nayo hivohivo, unaingiza hewa pistoni ikiwa juu, valvu zote zimefungwa, hewa haitoki, unafurahi. Kitu kimoja kizuri nilichokipata kwenye tesita ya kuvuja ni pale unapogonga shina la valvu kidogo kwa nyundo ya plastiki afu unasoma tena, ukiona usomaji unabadilika kila ukigonga ujue valvu hairudi pale pale, hiyo ni dalili ya bushi kulegea au siti kuwa kombo. Ni dalili tu lakini, sio ushahidi.

Plagi nazo zinasema kitu. Plagi yenye oili mbichi upande mmoja, ule unaotazama valvu ya inleti, inaelekeza kwenye bushi kuliko ringi. Usiishie hapo.

Dayali geji (ile ya duara yenye mshale) na stendi yake ya sumaku ndo mafundi wengi wanatumia na vitabu vingi vya injini vinataka hivo: unatoa springi, unashusha valvu itoke kwenye siti milimita kadhaa, unaweka ncha ya geji pembeni ya kichwa cha valvu, unatikisa huku na huku unasoma. Ni haraka, na hedi ya chuma kama hii sumaku inashika vizuri, ila kwenye hedi ya alumini inabidi ufunge kipande cha chuma kwanza. Shida yangu na njia hii ni watu wanaosoma namba ya kwenye geji wakadhani ndo nafasi iliyopo kati ya shina na bushi. Sio. Valvu inainama, na kichwa kiko mbali na bushi, kwa hiyo namba inakuzwa. Chukua bushi ya urefu wa milimita 45, kichwa cha valvu kiko milimita 30 chini yake, nafasi halisi ni milimita 0.05: geji itakuonyesha karibu 0.12 kutoka mwisho wa huku hadi mwisho wa kule. Zaidi ya mara mbili! Na ukiishusha valvu zaidi namba inaongezeka tena wakati bushi ni ile ile. Kwa hiyo ukilinganisha valvu na valvu hakikisha zote umezishusha urefu sawa, weka kipande cha mpira au bomba juu ya shina kiwe stopa, na ukilinganisha na kitabu angalia kitabu kinasema kutikisa au kinasema nafasi, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Pia ukitikisa valvu ya zamani unapima uchakavu wa vitu viwili kwa pamoja, shina na bushi. Tia valvu mpya kwenye bushi ileile utikise tena, tofauti unayoiona hapo ni ya shina. Dayali geji inakuambia imelegea kiasi gani, na hata upande gani imelegea zaidi ukitikisa pande mbili. Isichoweza kukuambia ni umbo la uchakavu ndani ya tundu, na umbo ndo habari yenyewe.

Hapo inaingia geji ya matundu madogo. Ni kijiti chenye kichwa cha mviringo kilichopasuliwa katikati, ukizungusha kishikio kabari ya ndani inasukuma zile nusu mbili zinatanuka. Zinauzwa seti ya nne, kwa pamoja zinachukua kuanzia karibu milimita 3 hadi karibu 13, Mitutoyo na Starrett wanatengeneza na wengine wengi. Unaingiza kwenye tundu, unatanua mpaka unasikia inagusa kidogo, unayumbisha kidogo, unatoa, unapima kile kichwa kwa maikromita. Basi. Hakuna betri hakuna skrini. Uzuri wake ni kwamba unachagua kina: unapima juu ya bushi, katikati, na chini, na kila kina unapima pande mbili, upande ambao roka inasukuma na upande wa urefu wa injini. Vipimo sita kwa bushi moja. Kwa valvu nane ni vingi, ndio, ila andika kwenye karatasi kwa mpangilio, picha inajitokeza yenyewe mbele ya macho.

Mbona nisitumie venia kalipa? Kwanza taya zake ni bapa, kwenye tundu dogo la mviringo zinasoma pungufu, pili zinafika mdomoni tu. Na zile geji za teleskopu ambazo watu wanazo kwa ajili ya silinda, ndogo kabisa kwenye seti nyingi inaanzia milimita 8, kwa tundu la 7.1 haiingii.

Mambo ya kufanya kabla, na hapa sitanii, ukiyaruka vipimo vyako ni takataka. Safisha bushi kwa brashi mpaka masizi yote yatoke, kwa sababu kaboni iliyoganda chini ya bushi ya egzosti inajaza pale palipolika na unasoma bushi nzima. Acha hedi na maikromita zikae chumba kimoja zifikie joto moja, usipime hedi iliyotoka kwenye maji ya moto. Pima shina pia, sehemu tatu, na mojawapo iwe ile ya juu karibu na loki (vipande vinavyoshikilia springi kwenye shina) ambayo haijawahi kuingia kwenye bushi, hiyo ndo inakuambia shina lilikuwa na unene gani likiwa jipya. Afu rudia kila kipimo mpaka mkono utoe namba ileile, kwa sababu geji hii inategemea hisia ya vidole: ukikaza sana inakwama na kusoma kubwa, ukilegeza inasoma ndogo. Kwa kujizoesha tumia bushi mpya ambayo tundu lake unalijua.

Haya, matokeo. Bushi ya egzosti ya silinda ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Katikati ilisoma 7.15 pande zote mbili, yaani kama mpya. Juu ilisoma 7.22 upande wa roka lakini 7.16 upande wa pili. Chini 7.23 upande wa roka, 7.17 upande wa pili. Soma tena hizo namba taratibu. Katikati nzima, miisho yote miwili imefunguka kama tarumbeta, na imefunguka upande mmoja tu, upande wa roka. Nyingine zote saba zilikuwa na sura hiyohiyo kwa viwango tofauti. Ingekuwa vumbi au oili chafu ingesaga bushi nzima na pande zote. Ingekuwa rima (kifaa cha kupanua tundu hadi kipimo) iliyozidisha kipimo wakati wa kufunga, tundu lingekuwa kubwa lakini la duara na sawa kutoka juu hadi chini. Hii ni valvu inayosukumwa kwa ubavu kila inapofunguliwa, inapindia juu huku na chini kule, na katikati inabaki kama mhimili.

Kitu gani kinaisukuma ubavu? Nikaangalia ncha za mashina ya valvu. Alama ya roka inatakiwa iwe mkanda mwembamba karibu na katikati ya ncha. Zangu alama ilikuwa pana na imekimbilia ukingoni. Unaweza kuhakikisha kwa maka peni, paka ncha, funga roka, weka tapeti (nafasi ndogo kati ya roka na shina) sawa, zungusha injini kwa mkono, fungua uone wino umefutika wapi. Afu nikapima urefu wa mashina yanavyosimama juu ya hedi, yalikuwa yamesimama juu kupita kiasi, karibu milimita moja na nusu. Sababu ikawa wazi: katika ovahouli iliyopita siti zilikatwa kwa kina sana ili kupata uso safi, valvu zikazama ndani ya hedi, na valvu ikizama kwenda juu shina nalo linapanda kwenda kwa roka. Roka inazunguka kwa upinde, na imepangwa iwe mraba na shina pale valvu ikiwa imefunguka nusu. Shina likipanda huo mpangilio unavunjika, ncha ya roka inateleza mbali zaidi juu ya shina na kulisukuma pembeni. Tapeti unaiseti kawaida kabisa, fila geji inaingia vizuri, injini inawaka safi, na hakuna anayeona kitu mpaka moshi uanze.

Watu wengi wakisikia hivi wanasema hedi ilikatwa sana uso. Kwenye injini hii hapana. Stendi za roka zimefungwa kwenye hedi yenyewe, ukikata uso wa chini wa hedi roka na valvu zinashuka pamoja, uhusiano wao haubadiliki, kinachobadilika ni upande wa pushirodi na unarekebisha kwa skrubu ya tapeti. Ni kina cha siti kinachobadilisha. Hii tofauti naona inapotea sana mafundi wakijadili.

Na hapa ndo petroli isiyo na risasi inaingia kwenye habari, kwa sababu siti za chuma cha kusubu zilizochongwa moja kwa moja kwenye hedi zilikuwa zinalindwa na ile risasi, bila hiyo siti za egzosti zinalika taratibu kwa mwendo wa kasi na joto, valvu inazama hata kama hakuna mtu aliyekata kitu. Dalili ya kwanza ni tapeti za egzosti kubana zenyewe. Algeria ilipoacha kuuza petroli ya risasi mwaka 2021 ndo ilikuwa nchi ya mwisho duniani, kwa hiyo kila mwenye gari la namna hii yuko kwenye hali hii sasa.

Tiba ilikuwa kupandikiza ringi za siti ngumu kurudisha valvu chini mahali pake, kuchonga upya nyuso za roka zilizokuwa na mfereji, bushi mpya, na siti kukatwa baada ya bushi kufungwa na kupitishwa rima, sio kabla. Mpangilio huo una maana kubwa, mkataji wa siti anajipanga kwa tundu la bushi, ukikata siti kwanza zinaachana kituo. Wengine badala ya ringi za siti wanainua stendi za roka kwa shimu nyembamba, inaweza kurudisha mpangilio, ila oili ya shafti ya roka inapanda kupitia kwenye stendi mojawapo, na shimu isiyo na tundu hapo inafunga oili yote ya juu. Hapo unaua bushi, roka na shafti kwa mpigo mmoja.

Niseme pia sura nyingine za uchakavu ambazo geji hii inakuonyesha, kwa sababu tatizo lako linaweza lisiwe langu. Bushi iliyopanuka chini tu upande mmoja usiofuata mstari wa roka, na siti ikawa na alama ya kung'aa nusu tu: siti haiko kituo kimoja na bushi, valvu inapinda kila ikifunga. Bushi ya egzosti iliyolika chini pande zote na kaboni imejaa: joto, angalia taiming iliyochelewa au mchanganyiko mwembamba wa kabureta. Mikwaruzo ya wima na vipande vya metali vimegandana kwenye shina: nafasi ilikuwa ndogo mno au pakavu. Hiyo ya mwisho nimeiona zaidi kwa watu waliofunga valvu za stenlesi zisizo na kromu kwenye shina pamoja na bushi za chuma cha kusubu, hawa wawili hawapatani, na pia waliofunga sili za kubana kwenye valvu za egzosti za injini ambayo haikuwa nazo tangu kiwandani, wakidhani wanazuia moshi. Valvu ya egzosti haina ule mvuto wa kufyonza oili kama inleti, kaoili kadogo kanakopita pale ndo chakula chake. Bushi za bronzi zinavumilia ukavu vizuri zaidi, na shina la kromu.

Kasoro za geji? Zipo. Haisomi namba yenyewe, kwa hiyo bila maikromita nzuri ni kijiti tu, na maikromita inayosoma sehemu ya mia ya milimita ndo kiwango cha chini kabisa hapa, inayosoma sehemu ya elfu ni bora. Inataka subira na mkono mtulivu. Seti za bei ya chini nyingine kishikio kinarudi nyuma chenyewe kidogo ukishatoa geji kwenye tundu, unasoma pungufu bila kujua, kwa hiyo ukinunua jaribu hapohapo: tanua, pima, iache juu ya meza kidogo, pima tena, namba ikishuka iache dukani. Na kichwa kiwe kimepolishiwa vizuri, chenye makwaruzo kinakudanganya hisia.

Kama unanunua kimoja tu na tayari una dayali geji, nunua hii. Kama huna chochote, anza na hii pamoja na maikromita, dayali itafuata. Kichwa kizima au nusu kichwa kwa bushi za valvu vyote vinafanya kazi kwa sababu tundu limetoboka huku na huku, nusu kichwa kinasaidia zaidi kwenye matundu yenye sakafu.

Baada ya kufunga nilirudia wino kwenye ncha za mashina, mkanda ukawa mwembamba na katikati. Kushuka mlima na gia hamna moshi, plagi kavu rangi ya kahawia. Vipimo vya bushi mpya vyote sita kwa kila valvu nimeviandika na kuvibandika ndani ya kitabu cha gari, hedi ikifunguliwa tena nitakuwa na cha kulinganisha.